Msafara wa Baba, Fundi Cherehani

Siku tuliyomzika baba, jeneza lilikwama mlangoni kwa sababu jirani yetu Mzaramo alikuwa amejilaza kizingitini na kukataa kuondoka. Wanaume walikuwa wameshanyanyua, shehe ameshaanza kukohoa kile kikohozi cha kuhimiza watu, jua la saa saba linachoma, na yeye kajinyoosha pale chini na khanga zake mbili, mikono kifuani, macho juu.

"Hatoki mtu hapa," akasema. "Huyu mpagazi hajui njia. Mkimwachia aende peke yake atapotea kabla hajafika makaburini. Nani kati yenu ana ramani?"

Watu wakaangua kicheko, msibani, maiti ikiwa mabegani. Mgeni angedhani tumerukwa na akili. Lakini sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani toka enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na marobota kati ya huku na pwani. Njiani walitukanana, wakauguzana, wakazikana, na ada ikabaki. Mtani ana haki ya kumsema marehemu, kuvaa nguo zake na kumwigiza mbele ya wafiwa. Wewe mfiwa huna ruhusa ya kununa.

"Na gauni langu la Idi je?" akaendelea, bado kalala. "Idi ya mwaka juzi! Kitambaa kakaa nacho, kila nikimuuliza, 'Kesho, Mzaramo, kesho.' Kesho yenyewe ndiyo hii?"

Hapo hata shehe akainamisha uso, mabega yakimtikisika. Ikabidi mimi, binti mkubwa, niape mbele ya kadamnasi kwamba gauni litashonwa, ndipo Mzaramo akajizoazoa, akajipangusa vumbi, akaligusa jeneza kwa kiganja na kusema kwa sauti ndogo, "Haya, nenda, mpagazi." Nikaona machozi yanamtiririka. Wakambeba baba wakaenda naye.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama alikuwa chumbani kwenye mkeka, kajitanda shuka jeupe, mlango wazi, akiona yote. Hakucheka, hakulia, hakusema kitu. Tangu asubuhi ile baba alipokata roho, mama alikuwa hajatamka neno wala kutia chochote mdomoni zaidi ya maji. Na mama ana sukari. Vidonge vyake havimezwi tumbo likiwa tupu, na visipomezwa, sukari nayo haisubiri msiba uishe. Muuguzi wa mtaani kwetu, hapa Chemchem, alinivuta pembeni jioni ile akanieleza bila kupindapinda: ikifika keshokutwa mchana hajala, tumpeleke hospitali, tusingoje aanguke.

Nilikuwa nimeshamzika mmoja. Wa pili ndani ya wiki moja sikuwa na ubavu naye, na nasema wazi, niliogopa.

Sasa huyo baba mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani aliyejidhania kiongozi wa msafara. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi alikaa barazani akikanyaga mashine, mgongo umepinda, futi shingoni, akishona magauni ya harusi ya mabinti wa watu na kuwadanganya kuhusu siku ya kuyachukua. Jumapili alfajiri alibadilika. Alivaa suruali ya kaki aliyoishona mwenyewe, yenye mifuko kumi na minne, na shati la kaki lenye mikono mirefu kupita mikono yake, maana fundi huyu aliweza kumpima kila mtu isipokuwa nafsi yake. Alivaa kofia ya pama na mabuti ya mvua hata kiangazi. Kisha aligonga sufuria jikoni na kutangaza, "Msafara!"

Msafara ulikuwa sisi. Mama, mimi, wadogo zangu watatu, na kapu la viazi vya kuchemsha. Wenzake wa kijiweni walimwalika mara nyingi kwenda kuvua au kuwinda kanga, wanaume watupu, mambo ya kiume. Hakwenda hata siku moja. Aliwaambia, "Safari bila watu wangu ni utoro." Wakamcheka. Sisi watoto tulitamani sana awe mtoro kidogo, angalau Jumapili moja, tulale.

Njia yake aliyoipenda ilikuwa ya Kwihara. Kule kuna ile tembe, nyumba ya kale ya udongo, aliyokaa mzungu mmoja mpelelezi, siku hizi makumbusho, na wageni hushuka kwenye magari yao kuipiga picha. Baba alikuwa na ugomvi wa kudumu na kibao cha pale. Alikuwa akisimama mbele yake, mikono kiunoni, na kukihutubia.

"Mzungu kaja kabebwa, kajengewa makumbusho. Babu yangu kabeba, hana hata kibao! Hivi nani kasafiri hapo?"

Babu yake huyo, kwa maelezo ya baba, alifika pwani mara sita na mzigo kichwani. Mwaka mwingine ilikuwa mara tisa, inategemea nani anasikiliza. Siku moja baba alitarizi jina la babu kwenye kipande cha kaki, kwa uzi mwekundu, herufi nzuri kweli, akaenda kukifunga kwenye mti kando ya njia. Alimwombea babu dua pale, tukasimama kwa heshima. Jumapili iliyofuata mbuzi walikuwa wameshakila. Alikaa chini ya ule mti akacheka mpaka akakohoa, akasema babu mwenyewe lazima alikuwa na vituko, kama angeyaona hayo angesema, sasa mbuzi ndio wanajua jina langu.

Kupotea ndiyo ilikuwa fani yake. Hakulitumia neno hilo lakini. Alisema "tumezunguka kidogo." Kuna siku tulizunguka kidogo hadi tukatokea shambani kwa watu tusiowajua, saa kumi jioni, ndorobo, wale mbung'o wa porini, wametuuma mpaka masikio, na mwenye shamba akatuuliza kwa Kinyamwezi kama tumefukuzwa kwetu. Nilipokuwa mkubwa na kununua simu yenye ramani nilimwonyesha: baba, hapa tulipo, pale mjini. Aliisukuma mbali na uso wake.

"Babu yangu alifika Bagamoyo bila bando," akasema, na akatupeleka kushoto.

Lakini wa nyuki ndio mkasa unaosimuliwa mpaka leo. Mnyamwezi na asali ni mtu na nduguye, na baba alikuwa ametundika mizinga miwili porini, upande wa Sikonge. Wenzake wanapanda na moshi na nguo chakavu, basi. Yeye akasema yeye ni fundi, atajishonea vazi rasmi. Alishona wiki nzima huku magauni ya watu yanangoja. Likatoka vazi moja zima, kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, usoni kitambaa cha shela kilichobaki kwenye kazi ya bibi harusi fulani. Vazi la haja, hata mimi nililisifu. Kosa lake lilikuwa moja. Mkono wake ulikuwa umezoea magauni ya harusi, kwa hiyo vifungo vyote, ishirini na vinne, vidogo kama punje za mahindi, aliviweka mgongoni.

Akapanda. Nyuki wakaingia kwa chini, kwenye vifundo vya miguu. Yarabi! Alishuka ule mti bila kugusa matawi. Tulimwona akizunguka pale chini, anajipiga mapajani, anarusha mateke, anaita majina yetu yote na la mama yake, na nguo haivuki kwa sababu mikono yake haifiki mgongoni. Sisi watoto tulikimbia, na sioni aibu kusema. Mama alikimbia pia, ila yeye alikimbia kuelekea kwake.

"Simama, mwanamume!" nilimsikia. "Simama, bado kumi!"

Alivifungua kimoja kimoja, nyuki wakimuuma usoni na shingoni, mpaka akamchomoa mumewe mle ndani na wote wawili wakaenda kukaa kwenye maji ya kijito. Jioni nyuso zao zilikuwa zimevimba mpaka macho hayaonekani. Walikaa ukumbini bega kwa bega, vipofu wawili, na baba akasema, "Lakini vazi limekaa vizuri mabegani." Mama alianza kucheka. Akacheka, akalia kwa maumivu, akacheka tena, na baba anamwambia usinichekeshe mdomo unaniuma. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilidhani wazazi wangu wameharibikiwa.

Mtu huyo, aliyechokoza nyuki, akapishana na nyoka fira, akatuvusha mto uliojaa tukiwa tumeshikilia khanga za mama, akaja kufia wapi? Kwenye kiti cha cherehani. Saa mbili asubuhi, mkasi mkononi, kitambaa cha mteja mapajani. Mama alikuwa anamletea chai. Hata mbung'o hakuwapo. Niliumia, na pia nilikasirika, maana kama ni kifo cha kukaa kwenye kiti, kingempata mwenye kupenda viti.

Basi, siku ya tatu ya msiba ikafika, na mama bado.

Tulikuwa tumejaribu kila kitu. Mdogo wangu wa kiume, anayefundisha shule kule Choma, Igunga, alipiga magoti mbele yake na bakuli la uji wa ulezi, kitambi chote kile kimekunjamana, akimbembeleza kama yeye ndiye mama. Mama alimtazama kama unavyotazama mvua inayonyesha kwa jirani. Shangazi, dada yake baba, mwanamke mwenye kujua kila lililo haramu na machache yaliyo halali, alimsomea, kisha akamkaripia: kujinyima chakula ni dhambi, mwenye eda hujikaza. Hakuna kitu. Midomo ilikuwa imeanza kumkauka na kikombe cha maji alikishika kwa mikono miwili. Muuguzi alipita saa tatu asubuhi, akampima, akaniambia nitafute usafiri. Nikamwita dereva wa bajaji ajiweke tayari saa saba.

Ndipo nikaenda kwa Mzaramo. Alikuwa uani kwetu, anakoroga sufuria la pilau ya hitima na kuwatukana wanaomenya vitunguu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtoto wa mpagazi. Gauni langu?"

"Wewe Mzaramo, fanya kazi yako," nikamwambia. "Mama anakufa. Mfanyie utani."

Aliacha mwiko. "Mjane mbichi vile? Akinilaani?"

"Akikulaani atakuwa amesema kitu."

Akajifuta mikono. "Nileteeni nguo za mpumbavu yule," akasema.

Tukamvalisha kila kitu juu ya gauni lake: suruali ya mifuko kumi na minne, shati la mikono mirefu, mabuti, kofia. Yeye ni mnene na baba alikuwa mwembamba, kwa hiyo zipu ya suruali iligoma katikati ya safari. Akajaza mifuko vitunguu. Akachukua mwiko badala ya fimbo, akagonga sufuria na kupaza sauti iliyonitoa jasho, maana ilikuwa sauti ya baba kabisa.

"Msafara!"

Alitupanga sisi wanne mstari mmoja, watu wazima wenye watoto wao, akatuongoza kuzunguka ua. Alikwenda kwa hatua ndefu, kifua mbele, akionyesha kwa mwiko: hapa alipita babu yangu mara sita, ah, mara tisa! Alipofika chooni akasema hii ndiyo Bagamoyo. Aliposhtukiwa akasema tumezunguka kidogo. Alimsimamisha jogoo kumuuliza njia, jogoo akakimbia, naye akamfuata nyuma akisema, huyu anaijua, huyu Mnyamwezi! Wanawake walikuwa wanalala mikekani kwa kicheko. Shangazi alijiziba mdomo kwa ncha ya ushungi lakini macho yalimsaliti. Mpwa wangu akatoa simu arekodi, shangazi akapata nafuu ya kugomba: "Zima hiyo kitu, huu msiba!"

Mimi nilikuwa sitazami mwingine ila mama, pale mlangoni kwenye mkeka wake. Uso ulikuwa uleule. Nikasema moyoni, basi tena, bajaji.

"Siyo hivyo."

Sauti ilikuwa imekauka kama ya mgonjwa wa koo.

Mzaramo akageuka taratibu, zipu wazi, vitunguu mifukoni. "Siyo hivyo vipi? Miaka yote namwona akipita dirishani kwangu. Hivi ndivyo alivyotembea."

"Ulimwona akitoka mjini," mama akasema. "Porini hukumwona."

Akasimama. Alishika fremu ya mlango, akayumba, nikaruka kumshika, akanipiga kofi dogo la mkono niondoke. Shangazi akaanza, "Mwenye eda! Unakwenda wapi, mwenye eda?" Mama alitembea mpaka kwa Mzaramo, akamvua kofia akaivaa juu ya lile shuka jeupe, na kumshika begani.

"Wewe kakae kule mwisho. Pale nilipokuwa nakaa mimi."

Mzaramo akaenda nyuma yetu, bila ubishi, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Mama akasimama mbele. Hakutoa kifua, hakupiga hatua ndefu. Alianza kwenda polepole, magoti yamelegea kidogo, kama mtu anayepita juu ya nguo ya mteja asiichafue, na kweli, Mungu wangu, ndivyo baba alivyokwenda. Nilikuwa nimesahau. Mama alikwenda hatua nne, tano, kisha akageuka nyuma, akainua kidevu na kungoja.

"Kila mahali alikuwa anageuka," akasema. "Nyinyi mlidhani anatafuta njia. Mlikuwa mnaangalia chini, mnaogopa nyoka. Alikuwa ananitazama mimi. Mpaka nimnyanyulie mkono, kwamba nipo, nakuja, nenda. Asiponiona mkono haendi. Tunapotea kwa sababu hiyo, mtu anatembea anaangalia nyuma, njia ataionaje?"

Hakuna aliyecheka. Miaka yote ile nilikuwa katikati ya mstari, nimenunia viazi, na sikujua kwamba juu ya kichwa changu watu wawili wanaongea.

Mama alikuwa bado kageuka, kidevu juu, anangoja. Sisi nasi tukageuka kuangalia anachokiangalia. Mwisho wa mstari, karibu na ukuta wa jiko, zilikuwa zimesimama nguo za baba. Shati lile la kaki, suruali ile ya mifuko. Mzaramo ndani yake alikuwa hajui afanye nini.

"Nyanyua mkono," nikamnong'oneza.

Akaunyanyua. Mkono wa shati ulikuwa mrefu, ukafunika vidole vyote, ikabaki kaki tupu hewani.

Mama aliutazama. Kidevu kikaanza kumcheza.

"Haya," akasema. "Naona. Nakwenda."

Akageuka mbele, akapiga hatua tatu zaidi peke yake, hadi kwenye kigoda cha jikoni, akakaa, akavua kofia akajiziba nayo uso. Kilio kilichotoka humo kilikuwa cha siku zote tatu kwa pamoja. Tulimzunguka. Shangazi ndiye aliyefika wa kwanza, akakaa chini mavumbini na hijabu yake nzuri, akamkumbatia miguu. Mzaramo alibaki palepale ukutani, mkono bado juu, analia kwa sauti, mpaka mdogo wangu akaenda kuushusha.

Baadaye mama akaomba uji. Akaunywa wote, akasema hauna ladha.